Sauti Kwanza: Mwongozo wa Kuandaa Kikao cha Kazi Mtandaoni

Karibu kila kikao cha mtandaoni hufunguliwa kwa swali lilelile: "Mnanisikia?" Ni nadra mtu kuanza kwa kuuliza kama anaonekana. Hata hivyo, anayepewa kazi ya kuandaa vikao vya ofisi mara nyingi hukimbilia kununua kamera.

Kosa hilo ni la zamani. Mwaka 1964 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T ilionyesha simu ya picha, Picturephone, katika maonyesho ya dunia ya New York, na mwaka 1970 ikaanza kuiuza kama huduma kwa wafanyabiashara wa Pittsburgh: dola 160 kwa mwezi, ndani yake dakika 30 tu za maongezi. Wateja walikuwa wachache mno na huduma ikafa. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cornell kikatoa CU-SeeMe, programu ya kuonana kwa kompyuta, nayo ilianza na picha isiyo na sauti. Sauti ilikuja kuongezwa 1994. Skype ilipita njia ya pili. Ilitoka Agosti 2003 ikiwa na sauti bila video, ikaenea dunia nzima hivyohivyo, na video ikaifuata baada ya zaidi ya miaka miwili.

Mwongozo huu unapita njia ya Skype. Tunaanza na sikio. Kamera ina zamu yake huko mbele, na haitachukua muda mrefu.

Hatua ya 1: Tengeneza sauti yako

Tafuta hedifoni yenye waya na maiki yake. Maiki ya kompyuta ya mkononi imekaa jirani na feni na kibodi, kwa hiyo husikia feni, vidole vyako na mlango wa jirani kwa bidii ileile inayokusikia wewe. Ya hedifoni iko mdomoni. Iweke upande, kama vidole viwili kutoka pembe ya mdomo. Ukiiweka mbele ya pumzi, kila "p" itapasuka masikioni mwa watu.

Vile vidude vya Bluetooth visivyo na waya ni vizuri kwa muziki, ila vina tabia moja inayowashangaza wengi: ukiingia kikaoni, sauti inageuka kuwa ya simu ya zamani. Havijaharibika. Maiki inapowashwa, Bluetooth ya kawaida huacha mfumo wa muziki na kuhamia mfumo wa simu, ambao hubana sauti ili iweze kwenda na kurudi. Kwa vikao vya kazi, waya bado haujapata mpinzani.

Kisha jirekodi kwa sekunde thelathini ukisoma chochote, na ujisikilize. Wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja. Ukisikika kama uko ndani ya pipa, tatizo ni chumba: kuta tupu na sakafu ngumu hurudisha sauti. Pazia, zulia au kabati la vitabu hupunguza hali hiyo kuliko maiki ya bei mbaya.

Sasa mwangwi, maana huu hula dakika kumi za kwanza za vikao vingi. Sauti yako inafika kwa mwenzako, inatoka kwenye spika yake, inaingia kwenye maiki yake, inakurudia. Kwa hiyo anayesikia mwangwi wa sauti yake hana kosa. Mwenye kosa ni yule ambaye kwake kila kitu ni shwari. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtu alizima na kuwasha kompyuta yake mara tatu kwa sababu alikuwa akijisikia mara mbilimbili. Kumbe chanzo kilikuwa mwenzetu mwingine aliyenyamaza muda wote, spika yake imefunguliwa hadi mwisho, akisubiri kwa subira tumalize matatizo yetu. Kumpata mhusika ni rahisi: zimeni maiki moja baada ya nyingine. Mwangwi ukikatika, aliyezima mwisho ndiye.

Programu zenyewe hujitahidi kuufuta mwangwi. Zinajua ni sauti gani zimeipeleka kwenye spika, hivyo zinaitoa katika kile kilichoingia kwenye maiki. Ujanja huo unashindwa pale watu wawili wanapokaa chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, kwa sababu kompyuta yangu haijui spika yako inatoa nini. Hapo ndipo ule mlio mkali wa kutoboa masikio unapozaliwa. Sheria ni moja: chumba kimoja, maiki moja na spika moja. Wengine waingie wakiwa wamezima vyote viwili, au wasiingie kabisa na wasogee karibu.

Hatua ya 2: Pima utulivu wa njia, si kasi peke yake

Watu hupima kasi ya intaneti, wakaona namba kubwa, wakaridhika. Sauti haihitaji namba kubwa. Kodeki (ufundi wa kubana sauti ili isafiri mtandaoni) ya Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na inayotumika katika mifumo mingi ya vikao, inaweza kufanya kazi kuanzia kilobiti 6 kwa sekunde, na maongezi husikika vizuri kabisa kwenye kilobiti 30 hivi. Video yenye ubora wa 720p hutaka zaidi ya megabiti moja. Yaani uso wako unakula kama mara thelathini au arobaini ya maneno yako.

Kinachoua maongezi ni kuchelewa. Utafiti uliolinganisha lugha kumi, uliochapishwa 2009, ulikuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida mtu akimaliza kusema, mwenzake huingia baada ya takriban milisekunde 200 kwa wastani. Ni pumzi moja fupi. Nalo shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, hushauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana hapo, unaanza kuyaona yale tunayoyajua: watu wawili wanaanza kwa pamoja, wote wanasimama, "samahani, endelea", "hapana, endelea wewe", kisha wanaanza tena kwa pamoja. Hawana adabu mbaya. Njia yao ni ndefu. Anayetumia setilaiti zile za juu kabisa, kilomita 36,000 kutoka ardhini, hana ujanja: mawimbi kupanda na kushuka tu huchukua kama robo ya sekunde. Mwambie mwenyekiti mapema kwamba mshiriki huyo apewe nafasi kwa kuitwa jina, asiachwe agombanie.

Fanya haya kabla ya kikao:

Chomeka waya wa mtandao kama ruta ina tundu. Kama ni Wi-Fi, sogea. Kuta mbili kati yako na ruta huenda zisionekane kwenye kipimo cha kasi, lakini sauti itakuwa inadondosha silabi.

Angalia kasi ya kupakia, siyo ya kupakua peke yake. Kikao ni njia mbili, na huduma nyingi humpa mteja kasi kubwa ya kupokea na ndogo ya kutuma. Ndiyo maana unawasikia wote vizuri huku wao wakilalamika kwamba unakatikakatika.

Simamisha vinavyopakiwa kimyakimya: nakala za picha za simu, masasisho ya mfumo, folda ya ofisi inayojilinganisha na seva.

Jambo la nne ni la fundi wa ofisi. Sauti na video hupendelea kusafiri kwa UDP, njia inayotuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, bila kusubiri uthibitisho. TCP hufanya kinyume: pakiti moja ikipotea, zilizo nyuma yake husubiri hadi iletwe upya. Kwa faili hilo ni jema. Kwa maongezi, silabi iliyochelewa nusu sekunde haina kazi tena. Afadhali ipotee kodeki ikisie pengo. Ukuta wa usalama wa ofisi ukifunga UDP, programu hulazimika kupita TCP, na sauti huanza kuja kwa mafungu: kimya, kisha maneno matano yamebanana. Ukisikia hivyo ofisini lakini nyumbani uko sawa, mwombe fundi afungue milango ya UDP inayohusika. Zoom hutumia 8801 hadi 8810, Microsoft Teams 3478 hadi 3481. Ombi lenye namba hushughulikiwa haraka kuliko "mtandao una shida".

Hatua ya 3: Chagua programu ukimfikiria mgeni

Ofisi nyingi huchagua kwa kulinganisha vipengele. Mimi huuliza swali moja kwanza: mteja ambaye hajawahi kutumia programu hii, ana simu ya kawaida na haruhusiwi kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya kazini kwake, ataingiaje?

Miaka ya 1990 jibu lilikuwa chungu. WebEx ilianzishwa 1995, Microsoft ikatoa NetMeeting 1996, na kila mshiriki alihitaji programu au kiambatisho fulani kwenye mashine yake. Mabadiliko makubwa yalikuja kimyakimya. Mwaka 2010 Google ilinunua kampuni ya GIPS iliyokuwa na ufundi wa sauti na picha mtandaoni, na mwaka uliofuata ikauweka wazi bure chini ya jina WebRTC. Januari 2021 ukapitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti. Leo kivinjari chenyewe kinajua kuzungumza. Mgeni anabofya kiungo, anaruhusu maiki, ameingia. Kwa hiyo jaribu mwenyewe: toka kwenye akaunti yako, fungua dirisha la faragha la kivinjari, bofya kiungo chako. Ukiombwa kujisajili, mteja wako naye ataombwa.

Baada ya hapo angalia muda. Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40. Google Meet ya bure humpa kikundi cha watu watatu au zaidi dakika 60. Kwa kikao cha wiki cha timu, dakika 40 ni baraka. Kwa mazungumzo ya mkataba ni aibu, maana hukatika pale hasa bei inapotajwa.

Usibabaishwe na namba za watumiaji. Aprili 2020 Zoom ilitangaza kufikia milioni 300 kwa siku, kutoka milioni 10 Desemba iliyotangulia. Mwanzoni iliandika "watumiaji", kisha ikasahihisha kuwa ni "washiriki wa mikutano": mtu mmoja akiingia vikao vitano kwa siku anahesabiwa mara tano. Bado ukuaji huo ulikuwa wa kutisha, lakini haukuambii chochote kuhusu kikao chako cha watu sita.

Kama ofisi yako haitaki maongezi yapite kwenye seva za wengine, iko Jitsi, iliyoanza 2003 kama mradi wa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Msimbo wake uko wazi, na fundi anayejua kuendesha seva anaweza kuiweka kwenu. Sema ukweli kwanza kama mnaye fundi huyo, na atakuwepo saa ngapi.

Kuhusu usimbaji fiche, yaani kuyafunga maongezi ili wengine wasiyasikie, neno la kutafuta ni "mwanzo hadi mwisho". Katika mifumo mingi maongezi hufungwa njiani lakini seva inaweza kuyafungua. Zoom iliongeza ufungaji wa mwanzo hadi mwisho Oktoba 2020, na ukiuwasha unapoteza vitu: hakuna kurekodi kwenye seva yao, wala kuingia kwa simu ya kawaida. Hilo lina sababu: seva isiyoweza kusikia haiwezi kurekodi. Uwashe kwa mambo ya siri kweli, uuache kwa kikao cha ratiba za likizo.

Na usifanye programu kuwa kabati la nyaraka. Skype, iliyonunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 8.5 mwaka 2011, ilifungwa Mei 2025. Namba za wateja, mafaili na makubaliano yakae mahali penu.

Hatua ya 4: Andika mwaliko usiohitaji maswali

Saa ndiyo mtego mkubwa kwetu tunaosema Kiswahili. Ukiandika "saa 3" mmoja ataelewa asubuhi, mwingine atasoma kizungu na kuingia saa tisa alasiri, wote wakiwa sahihi. Andika kwa mfumo wa saa 24 na utaje ukanda: 13:00 UTC (saa ya kimataifa). Kama washirika wako wako Ulaya na Marekani, kuwa makini zaidi mwezi Machi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, nchi nyingi za Ulaya Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti kati yao hubadilika kwa wiki mbili au tatu, na kikao kilichokuwa kikienda vizuri tangu Novemba ghafla kinakuwa na watu nusu.

Weka kiungo, ajenda ya mistari mitatu, na jina la anayeamua jambo. Kama hakuna jambo la kuamua, tuma barua pepe, kikao kife kabla hakijazaliwa. Weka pia namba ya simu ya kuingilia kama programu yako inayo, au namba ya mtu mmoja atakayepigiwa mtu akikwama nje.

Hatua ya 5: Funga milango

Tengeneza kiungo kipya kwa kila kikao na wateja. Nilijifunza hili kwa fedheha. Nilikuwa na kiungo kimoja cha kudumu, nikampa mteja wa kwanza saa nne na wa pili saa tano. Wa kwanza akachelewesha maongezi, wa pili akawahi. Tulipogundua jina la ziada kwenye orodha, alikuwa ameshasikia punguzo nililompa mwenzake. Bila shaka naye alilitaka.

Chumba cha kusubiri kingemzuia. Kiwashe, weka nenosiri, na ruhusa ya kushea skrini ibaki kwa mwenyeji hadi mtu aombe. Wavamizi walipoanza kuingia vikao vya watu mwanzoni mwa 2020, Zoom ilifanya nenosiri na chumba cha kusubiri viwe vimewashwa tangu mwanzo kuanzia Aprili mwaka huo. Usivizime kwa uvivu.

Hatua ya 6: Kamera

Mwanga uwe mbele yako, usiwe mgongoni. Kamera iwe usawa wa macho. Kompyuta juu ya vitabu vitatu inatosha. Angalia vichujio vinavyobadili sura: Februari 2021 wakili mmoja wa Texas alifika mbele ya jaji mtandaoni akiwa na sura ya paka, akalazimika kueleza kwamba yeye si paka.

Ficha picha yako mwenyewe isikutazame. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujiona saa nzima ni mojawapo ya sababu za uchovu wa vikao vya video, pamoja na nyuso kubwa zilizo karibu mno, kukaa bila kusogea, na kazi ya ziada ya akili kusoma ishara ambazo chumbani tungezielewa bila kufikiri. Mtu akiomba kuzima kamera baada ya salamu, mruhusu.

Hatua ya 7: Endesha kikao

Usiulize "kuna mwenye swali?" ukaendelea baada ya sekunde moja. Kuna kuchelewa kwa njia, kuna mtu anatafuta kitufe cha kufungua maiki. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Bora zaidi, taja jina kwanza kisha uliza: "Katibu, bajeti hii umeiona?" Ukitaja jina mwishoni, mhusika husikia jina lake, swali lenyewe limeshampita.

Shea dirisha moja, siyo skrini nzima. Ujumbe wa faragha hauna subira. Utatokea pembeni wakati wote wanatazama.

Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwa mdomo kabla ya kubofya. Maamuzi yaandikwe kwenye gumzo yanapofikiwa, kisha yanakiliwe kwenye barua pepe siku hiyohiyo, kwa sababu katika programu nyingi aliyeingia kwa kuchelewa haoni yaliyoandikwa kabla yake.

Kikianza kukatikakatika

Fuata mpangilio huu, usiruke. Zima video yako. Kama haitoshi, badili mwonekano wa nyuso zote uwe wa msemaji mmoja. Hatua hii wengi hawaijui. Katika mifumo mingi ya sasa wewe hutuma video yako mara moja tu kwenye seva, nayo seva huigawa kwa wengine. Lakini video za wenzako hukujia kila moja peke yake, na mashine yako inazifungua zote. Ndiyo maana simu huchemka na feni ya kompyuta hupiga kelele kikao kikiwa na watu wengi. Ukibaki na uso mmoja, umepunguza mzigo wa njia na wa mashine kwa pamoja.

Bado? Funga VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri) kama kazi yako inaruhusu. Toka, ingia tena. Hama kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu. Na ikiwa hata hivyo maneno yanakuja vipandevipande, andika kwenye gumzo "naingia kwa simu", kisha piga ile namba uliyoiweka kwenye mwaliko.